Viatu vya Safari ya Lokiriama: Tuchague Mapema



Mwaka 1973 wazee wa Turkana na wazee wa Matheniko, ndugu zetu wa upande wa Moroto, Uganda, walikutana Lokiriama. Walizika silaha ardhini na wakakubaliana kutoshambuliana tena. Watu wa pande zote mbili hurudi mahali pale kuyakumbuka mapatano hayo. Wengine huja kwa gari, wengine kwa miguu. Kikundi kikiamua kwenda kwa miguu, hiyo tunaiita hija, kwa maana mwendo wenyewe ni sala.

Tunapojiandaa kwa safari kama hii tunafikiria maji, unga, mablanketi na nyimbo. Miguu tunaisahau. Halafu siku ya pili mmoja anachechemea, jioni wanakuwa watatu, na msafara mzima unasimama. Kutoka Lodwar au Kakuma mpaka Lokiriama ni mwendo wa siku kadhaa, na zahanati haiko kila mahali. Somo letu lina lengo moja: kila mwanakikundi afike akitembea, na arudi nyumbani akitembea.

1. TUIJUE NJIA KWANZA

Kiatu kizuri ni kile kinachofaa njia yako. Wakristo wa magharibi mwa Kenya wanaokwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni, hupita sana barabara za lami na mara nyingi hunyeshewa. Kwao raba ya kufunga kamba na soksi ni chaguo zuri. Njia yetu si hiyo. Sisi tuna mambo matatu:

(a) Miba. Mti wa ewoi una miba ya aina mbili, mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda. Mathenge, ambao wengi wetu tunauita etirae, una mwiba mgumu unaoweza kutoboa tairi la baiskeli.

(b) Mchanga wa laga. Huingia kwenye kiatu na kusugua ngozi kama msasa. Saa sita mchana unachoma.

(c) Mawe. Karibu na milima mawe yana makali, na kiatu chembamba huumiza unyayo hata kama hakikutoboka.

2. TULINGANISHE VIATU TULIVYO NAVYO

Patipati (wengine husema ndara au slipa). Ni za bei ya chini na ni nzuri kambini jioni. Kwa safari hazifai. Mwiba hupita moja kwa moja, na kwa kuwa hazina mkanda wa kisigino, vidole hukazana kuzishika kutwa nzima. Ndiyo maana ndama za miguu huuma sana usiku.

Raba za kitambaa. Hukinga vidole, lakini mchanga ukiingia hautoki mpaka uvue. Soli nyingi ni nyembamba kwa mwiba wa mathenge. Ukizitumia, vaa soksi na ukung'ute mchanga kila mnapopumzika.

Viatu vya mitumba. Vingine ni imara kweli. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, kiatu kilichokwisha kuvaliwa kimefuata umbo la mguu wa mtu mwingine. Pili, gundi ya zamani hukauka, na kwenye joto letu soli hubanduka njiani. Kikunje kwa nguvu na ukivute soli kabla hujalipa.

Akala. Sandali hizi za tairi wafugaji wetu wamezitembelea miaka mingi. Soli ni nene, mchanga unaingia na kutoka, na zikikatika fundi yeyote anazitengeneza kwa msumari mmoja. Si ati akala hazina kasoro: vidole viko wazi, na mkanda mpya unasugua. Hata hivyo, kwa wengi wetu katika njia hii tunaona ndizo bora, mradi zimetengenezwa vizuri.

3. KUPIMA AKALA KWA FUNDI

- Nenda jioni. Mguu huvimba kidogo baada ya kazi ya siku, na utavimba vivyo hivyo safarini.
- Simama kwa miguu yote miwili fundi akichora. Ukiwa umekaa mguu huwa mdogo. Apime miguu yote, kwa maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine.
- Soli ipite vidole na pande za mguu kidogo. Mwiba wa pembeni hupenda kidole kidogo.
- Kagua tairi lenyewe. Matairi mengi yana waya za chuma ndani. Soli ikiisha waya hutokeza na kuchoma. Mwombe fundi tairi lenye nyuzi tupu.
- Pitisha kiganja juu ya soli polepole. Kichwa cha msumari kisisikike wala ncha isitokeze.
- Hakikisha kuna mkanda wa kisigino.

4. KUKIJARIBU KIATU

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Siku ya kuondoka anakuja mfadhili mwema na viatu vipya vya rangi moja ili watu wapendeze kwenye picha. Tumshukuru, tuvipokee, tuviweke kwenye mzigo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kiatu ambacho hujakitembelea hukijui.

Anzeni wiki nne kabla. Wiki ya kwanza vaa kiatu kwa kazi za kawaida, kuchota maji na kwenda sokoni. Wiki ya pili kikundi kitembee pamoja saa mbili. Wiki ya tatu tembeeni nusu siku na mizigo ile ile mtakayobeba. Wiki ya nne tembeeni siku mbili mfululizo, kwa sababu malengelenge mengi huonekana siku ya pili. Kila mara kagueni miguu. Sehemu yenye wekundu inakuonyesha mkanda ulegezwe wapi, au ulainishwe kwa mafuta.

5. MIGUU NJIANI

Tembeeni alfajiri na jioni, mpumzike mchana kivulini. Kukiwa bado giza, mwenye tochi atangulie, kwa maana nyoka wengi hutoka usiku. Asubuhi kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Nge hupenda kulala humo.

Ukihisi mahali panachoma, simama hapo hapo. Usione haya. Futa mchanga, paka mafuta au funika kwa plasta au kitambaa safi. Lengelenge dogo lisipasuliwe, kwa kuwa ngozi ile ndiyo bandeji yake. Likipasuka lenyewe, lioshe kwa maji safi na sabuni na ulifunike.

Mwiba ukikuingia, utoe wote, uoshe vizuri, usipake mavi ya ng'ombe wala udongo. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya mifugo, na mwiba huvipeleka ndani kabisa. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 3 na 21: taya kukaza, shingo kukakamaa. Wakati huo mtu amesharudi nyumbani na kidonda kimefunga, wala hakumbuki mwiba. Wamama wengi huchanjwa wakiwa wajawazito, lakini wanaume wengi hawajui walichanjwa lini. Kila mmoja aulize zahanati kabla ya safari.

Mwenye ugonjwa wa sukari, au aliyewahi kuugua ukoma, huenda hahisi maumivu mguuni. Huyu asisubiri kusikia uchungu. Mwenzake amkague nyayo kila wanaposimama.

6. KAZI NI YA KIKUNDI

Msafara huenda kwa mwendo wa yule mwenye viatu vibaya kuliko wote. Kwa hiyo kiatu cha mjane asiye na kitu ni jambo la kikundi kizima. Miezi miwili kabla, andikeni majina yote, na mbele ya kila jina aina ya kiatu alicho nacho. Asiye nacho achangiwe kutoka mfuko wa kikundi, bila kutangazwa mkutanoni. Mkiagiza akala nyingi kwa fundi mmoja, mnaweza kupatana naye bei. Bebeni jozi moja ya akiba kwa kila watu watano, misumari, nyundo ndogo, vipande vya mpira wa tyubu, kibano cha miba, sabuni na kitambaa safi.

Kuna ndugu zetu walioweka nadhiri ya kwenda pekupeku. Tunawaheshimu. Lakini tukumbuke kwamba Musa alitembea jangwani na mifugo akiwa na viatu. Aliambiwa avivue alipofika mahali patakatifu. Mwenye nadhiri anaweza kuzungumza na padri au katekista wake ili atembee pekupeku hatua za mwisho, Lokiriama kwenyewe, mahali palipofagiliwa. Akiumia njiani, mzigo wa nadhiri yake utabebwa na wenzake mgongoni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani asiye na kiatu cha safari? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?
2. Fundi gani wa karibu anatengeneza akala imara? Nani ataenda kuzungumza naye, na lini?
3. Wangapi kati yetu wanajua walichanjwa pepopunda lini?
4. Siku ya kujaribu tutatembea kutoka wapi mpaka wapi?

Andikeni majibu katika daftari la kikundi, na kila kazi iwe na jina la mtu na tarehe. Tunawatakia maandalizi mema, na Mungu azilinde hatua zenu.