Mchana mikwaruzo, usiku stesheni kibao

Swali: Babu ameniachia redio yenye SW1 na SW2. Mchana naambulia mikwaruzo tu. Imeharibika?

Jibu: Haijaharibika. Mawimbi mafupi hufika mbali kwa kudunda kwenye tabaka la juu la angahewa. Mchana jua huimarisha tabaka la chini yake, nalo humeza masafa ya chini. Kwa hiyo mchana panda bendi ya mita 19 au 16 (kilohezi 15100 hadi 17900). Giza likiingia, shuka bendi za mita 41 na 49.

Mikwaruzo ikiendelea, kabla ya kununua chochote, chomoa chaja ya simu. Kweli kabisa! Chaja za bei chee na taa za LED ndizo zinazomwaga sehemu kubwa ya ile mikwaruzo. Tia betri, sogea dirishani. Kisha menya ncha ya waya wa mita 5 hadi 10, uibane kwenye antena kwa kibanio cha nguo, upitishe nje hadi mtini. Radi ikianza kunguruma, uondoe waya huo.

Weka daftari: saa, kilohezi, lugha. Stesheni nyingi hubadili ratiba mwishoni mwa Machi na Oktoba, kwa hiyo ukiikosa uliyoizoea, itafute kwenye masafa ya jirani.