Taa ya Chumbe na Walinzi Wake

Watoto, ninyi mnaokaa Kinkondja mnajua giza la ziwa Kisale. Mchana mvuvi anaona njia yake: huku kijiji, kule mafunjo, pale mkondo wa Lualaba. Jua likishuka, vyote vinakuwa kitu kimoja cheusi. Tena visiwa vya mafunjo havikai mahali pamoja. Upepo unavisukuma, na njia iliyokuwa wazi asubuhi inaweza kuzibwa jioni. Basi mtu aliye ndani ya mtumbwi usiku anatafuta nini? Anatafuta moto mmoja ukingoni. Akiuona, moyo wake unatulia. Anasema: "Kwetu ni kule."

Baharini shida ni ile ile, lakini ni kubwa zaidi. Meli moja inachukua watu wengi na mizigo mizito, na chini ya maji kuna miamba mikali. Ndiyo sababu watu wakajenga minara ya taa. Kazi hiyo ni ya zamani sana. Mnara wenye sifa kuliko yote ulijengwa Iskanderia, katika nchi ya Misri, yapata miaka 280 kabla ya Kristu kuzaliwa. Ulisimama zaidi ya miaka elfu moja, mpaka matetemeko ya nchi yakauangusha.

Leo tutasoma juu ya mnara mmoja wa Bahari ya Hindi, upande wa mashariki wa Afrika yetu.

Kisiwa kisicho na kisima

Karibu na mji wa Unguja, kusini-magharibi yake, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe. Ukubwa wake ni yapata hekta 20 tu. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe na msitu mnene. Meli zinazokwenda Unguja na Dar es Salaam zinapita karibu nacho. Mwaka 1904 Waingereza, waliokuwa wakitawala huko wakati ule, walijenga mnara wa taa juu yake. Mtu anayetaka kufika juu anapanda ngazi zaidi ya 130, akizunguka na kuzunguka.

Taa haikai peke yake. Mlinzi alihitajiwa, naye alihitaji nyumba. Kwa hiyo kando ya mnara ilijengwa nyumba ya mlinzi na jamaa yake. Kisiwa hakina mto wala kisima cha maji matamu, basi maji ya mvua yalikusanywa katika birika kubwa. Ulijengwa pia msikiti mdogo, yaani nyumba ya sala ya Waislamu, kwa namna ya misikiti ya Bara Hindi, ili watu wale wachache wapate mahali pa kusali. Nyumba, birika, msikiti na mnara: hicho ndicho kilikuwa kijiji chao chote.

Kazi ya kila usiku

Zamani zile taa za minara ziliwaka kwa mafuta. Jioni mlinzi alipanda ngazi, akatia mafuta, akakata utambi, akawasha. Usiku aliamka mara kwa mara kutazama kama moto ni mzuri. Asubuhi aliuzima, akafuta moshi na chumvi ya bahari katika vioo. Kioo kichafu kinakula mwanga. Na katika nyumba kama hiyo, kazi ya baba ni kazi ya wote. Baba akipatwa na homa, taa haingoji apone.

Tena angalieni jambo hili. Mvuvi anaona samaki wake, na mkulima anaona muhogo wake. Mlinzi wa taa haoni matunda ya kazi yake. Meli iliyookoka inapita gizani na kwenda zake. Hakuna anayekuja kumwambia: "Asante, ndugu, usiku wa jana ulituokoa." Anayeacha taa izimike usiku mmoja tu, huyo jina lake litajulikana haraka.

Kipofu aliyewasha taa

Mwaka 1926 taa ya Chumbe iligeuzwa, ikaanza kuwaka kwa gesi. Taa za gesi za namna hiyo zilienea ulimwenguni kwa akili ya fundi mmoja wa nchi ya Uswidi, Gustaf Dalén.

Mwaka 1907 Dalén alitengeneza kifaa kinachowasha taa usiku na kuizima mchana pasipo mkono wa mtu. Mnajua kwamba sufuria nyeusi ikiachwa juani inapata moto kuliko ile inayong'aa. Kwa nini? Kwa sababu kitu cheusi kinameza mwanga. Ndani ya kifaa chake Dalén alitia kijiti cheusi cha chuma pamoja na vijiti vinavyong'aa. Asubuhi kijiti cheusi kinapata joto, kinarefuka kidogo sana, kinafunga njia ya gesi, na taa inazimika. Jioni kinapoa, kinafupika, njia inafunguka, na taa inawaka.

Mwaka 1912, alipokuwa akijaribu mitungi ya gesi, moto ulilipuka, akapofuka macho yote mawili. Mwaka ule ule alipewa Tuzo ya Nobel, na ndugu yake akaenda kuipokea mahali pake. Lakini Dalén hakuacha kazi mpaka alipokufa mwaka 1937. Yeye asiyeona hata jua aliwawashia mabaharia njia.

Je, kifaa kile kilikuwa rafiki wa walinzi au adui wao? Kiliwapa usingizi, lakini pia kiliwaondolea kazi. Maneno yote mawili ni kweli. Tena kifaa kinajua usiku na mchana tu. Hakijui kwamba mtumbwi umepinduka na mtu anapiga kelele majini. Kusikia kelele hiyo ni kazi ya mtu.

Walinzi wapya

Baadaye kisiwa kilibaki bila wakazi, na nyumba ya mlinzi ikawa magofu. Lakini mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilikataza uvuvi katika matumbawe ya upande wa magharibi wa Chumbe, ili samaki wapate mahali pa kuzaa. Wavuvi wengine walifundishwa kuwa walinzi. Nyumba ya zamani ilitengenezwa, nayo inapokea wageni na wanafunzi. Hivi kisiwa kimepata walinzi tena: wa kwanza walilinda moto, hawa wanalinda samaki.

Watoto, wahenga walisema: Tenda wema nenda zako. Usiku mama akikuambia uweke kuni katika moto wa ukingoni, usiseme: "Baba amekwisha kurudi." Labda mtumbwi wa mtu mwingine ungali katika mafunjo.

Maswali

1. Kwa nini giza la ziwa Kisale ni la hatari?
2. Jamaa ya mlinzi wa Chumbe ilipata wapi maji ya kunywa?
3. Elezeni jinsi kijiti cheusi kinavyozima taa asubuhi.
4. Kifaa cha Dalén hakiwezi kufanya kazi gani?
5. Taja kazi moja ya kijijini kwenu ambayo mwenye kuifanya haoni watu anaowasaidia.