Nyama ya Mnyama Aliyegongwa Njiani

Somo letu lahusu jambo la nchi ya Marekani ambalo wengine hulicheka, na wengine hutamani liwe sheria hapa kwetu. Huko ayala huvuka njia usiku, wakagongwa na motokaa wakafa. Katika majimbo kadha wa kadha mtu alikatazwa kuigusa nyama ile, nayo ikaoza. Jimbo la Montana liliweka sheria ya kuiruhusu mwaka 2013, Washington likafuata mwaka 2016, na ruhusa ya Oregon ilianza tarehe 1 Januari 2019.

Hapo likazuka swali: je, mwenye tamaa hatamgonga mnyama kwa kusudi? Si swali la upuzi. Askari afikapo hukuta mzoga na motokaa iliyopondeka. Moyo wa dereva hauoni. Hata Torati ilihangaika kumpambanua muuaji na mtu ambaye shoka lilimponyoka katika mpini.

Basi tazameni walivyofanya Oregon. Kumgonga mnyama kwa kusudi walikukataza, lakini hawakutegemea katazo hilo peke yake, bali waliipunguza faida. Achukuaye ayala, au ayala mkubwa aitwaye wapiti, hana budi kuomba hati ndani ya saa 24. Kichwa na pembe huvipeleka kwa idara ya wanyama kabla ya siku 5 za kazi kwisha, maana pembe ndizo zitamaniwazo (wako watu huzitundika ukutani kama nishani!), tena kichwa hupimwa ugonjwa. Nyama haiuzwi. Mzoga huondolewa wote, hata matumbo. Naye alaye hula kwa hatari yake mwenyewe, Serikali haimdhamini.

Alaska hushika njia nyingine, nami naiona bora. Huko yuko mnyama wa jamii ya ayala, mkubwa kama ng'ombe dume, jina lake musi. Akigongwa ni mali ya Serikali. Askari huita kikundi cha msaada kilichojiandikisha, nacho huigawa nyama kwa wahitaji. Aliyemgonga hana haki juu yake, basi atamgonga kwa faida gani?

Lakini msomaji wa Tanzania asiyasome haya kama ruhusa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 humhesabu mnyama wa porini aliyekutwa amekufa kuwa nyara ya Serikali. Njia kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi karibu kilometa 50, na swala hugongwa pale. Akatae paja akalitia guniani aweza kushtakiwa, ijapokuwa si yeye aliyegonga. Kwa kuwa jangili naye, akikamatwa na nyama, atasema vivyo hivyo kwamba aliiokota njiani. Ni hasara nyama kuoza na watu wana njaa, silikani. Hata hivyo aonaye mzoga na auache, akawape habari askari wa hifadhi katika lango lililo karibu.