SOMO LA WIKI: Geji ya oili ikishuka, pima kabla ya kufungua injini

Igawa, wilayani Mbarali, hupitiwa usiku na mchana na malori ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na yale yanayobeba mchele wa Usangu. Kuelekea Uyole kuna milima. Dereva akiona hapa mshale wa geji ya oili umeshuka, aendelee au asimame? Uamuzi huo una gharama kwa mwenye lori.

Hasara huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kudharau: presha ya oili ikipotea kweli, beringi za kranki husagika ndani ya dakika chache. Ya pili ni kufanya ovahoo wakati kibovu ni geji tu.

Geji nyingi za kiwandani haziguswi na oili. Kifaa kilichofungwa kwenye injini hugeuza presha kuwa ishara ya umeme, nayo hufika kwenye dashibodi kwa waya. Kutu au waya uliolegea hutosha kuupotosha mshale. Zipo hata geji za kumtuliza dereva: katika pikapu nyingi za Ford za Marekani za miaka ya 1990, mshale ulikaa katikati mara tu presha ilipozidi takriban psi 6, hata kama presha halisi ilikuwa ikishuka.

Kwa hiyo, geji ya kiwandani inafaa kuonyesha mabadiliko kuliko kipimo kamili. Dereva azoee mshale unakokaa injini ikiwa baridi, ikiwa moto na ikipanda mlima. Ukishuka ghafla, azime injini, aangalie kiasi cha oili kwa kijiti na atafute mahali inapovuja.

Oili ikiwa kamili, fundi afungue kile kifaa na kufunga mahali pake geji ya mkono inayosukumwa na oili yenyewe, kisha apime injini ikiwa moto. Kwa Cummins 6BT, presha isipungue psi 10 injini ikiunguruma bila kukanyagwa, na psi 30 ikiwa katika mwendo wake kamili. Vipimo hivyo vikitimia, tengeneza geji. Visipotimia, lori lisiondoke.

Mwenye malori hununua geji ya mkono mara moja na kuitumia kwa malori yake yote. Kranki iliyoharibika hununuliwa kila inapoharibika, huku mzigo wa mteja ukisubiri barabarani.