Tanga la mtumbwi wa koperative: kipi kikazwe, kipi kiachiliwe upesi



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, ghala na bei. Leo tunashuka pwani. Muhogo mkavu na madumu ya mawese kutoka Baraka na Ubwari havijawa pesa mpaka vifike Kalundu, na katikati kuna maji.

Siku hizi mitumbwi mingi ya mzigo inakwenda kwa moteri. Lakini moteri inazimika, esanse inakwisha, na hapo ndipo watu wanakumbuka tanga lililolala chini ya magunia. Wanalipandisha haraka haraka. Pini inachomoka au kamba inakatika, na tanga lote linaanguka majini. Kumbe kitambaa kilikuwa kizima! Kilichotuangusha ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani.

Jambo la kushika kichwani

Vifungo vya tanga ni vya aina mbili. Kuna vya kushika, ambavyo havitakiwi kufunguka njiani hata kidogo. Na kuna vya kuachilia, ambavyo lazima vifunguke mara moja mtu akitaka. Hatari inaingia tunapovichanganya.

Tukumbuke upepo wetu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670 toka kusini hadi kaskazini, na Uvira iko huku mwisho, kaskazini. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9, upepo wa kusini unasukuma mawimbi safari ndefu kabla hayajatufikia. Wakati wa mvua, dhoruba inaweza kushuka milimani kwa ghafla. Tena anayekuja Uvira na upepo mgongoni hausikii ukali wake. Anausikia siku anapogeuza mtumbwi.

Vifungo vya kushika

*Mlingoti.* Mguu wake ukae imara kwenye shimo lake chini, na ubanwe vizuri pale unapopita kwenye ubao wa kukalia. Ukiutikisa kwa mikono miwili ukacheza, ongeza kabari ya mti mgumu. Kamba zinazoushikilia pande zote mbili zikazwe sawasawa.

*Gofia.* Hiyo ndiyo puli ya juu ambamo kamba ya kupandishia tanga inapita. Ukishakuwa ziwani huwezi kuifikia tena, kwa hiyo ikaguliwe mlingoti ukiwa umelazwa chini. Kama imeninginizwa kwa pete ya chuma yenye pini, pitisha waya kwenye tundu la pini, uusokote kwenye pete. Bila waya, mtikisiko wa mawimbi unaifungua pini kidogo kidogo. Bolti inayosimama wima iwekwe kichwa juu: nati ikidondoka, bolti yenyewe inabaki mahali pake.

*Foromali.* Huu ni mti unaobeba tanga. Usifunge tanga lote kwa kamba moja ndefu inayozunguka, maana ikikatika mahali pamoja, yote inalegea. Funga vipande vifupi, kila kimoja na fundo lake. Kimoja kikikatika, vingine vinashika.

*Pembe za tanga.* Kama tanga ni la turubai na tundu la pembeni limechanika, usitoboe lingine karibu yake. Weka jiwe dogo laini ndani ya turubai, likunje humo, kisha funga kamba kwenye shingo ya lile fundo. Kamba haitaponyoka, na turubai halitachanika zaidi.

Vifungo vya kuachilia

*Kamba ya kupandishia.* Izungushwe kwenye kigingi kwa mfano wa namba 8, na imalizike kwa kitanzi kama cha kamba za viatu: vuta ncha, inafunguka. Fundo gumu likilowa maji halifunguki kwa vidole. Lakini ncha ya mwisho kabisa ifungwe chini ya mlingoti, ili isipande juu na kutoka kwenye gofia. Iwe ndefu ya kutosha tanga lishuke mpaka chini.

*Demani.* Hii ndiyo kamba ya kuongozea tanga, na jina hilo ni la mabaharia wa pwani ya Bahari ya Hindi. Isifungwe kwenye mtumbwi! Izungushwe kigingi mara moja tu, mtu aishike mkononi. Upepo mkali ukipiga kwa ubavu, anaiachilia, tanga linapoteza nguvu, mtumbwi unasimama sawa. Ikifungwa, upepo unausukuma mtumbwi wote na kuupindua. Tunajua mkono unachoka. Basi wapokezane wawili.

Kisu kikali kikae karibu na nahodha, kwa siku ambayo kitu kitakataa kufunguka.

Kutunza

Kamba ya plastiki inauawa na jua. Ifungue nyuzi kidogo uangalie ndani: ikitoa unga kwenye vidole, au nyuzi zimekatika, usiipande tena ziwani. Ifungie magunia nyumbani. Kamba ambayo bado nzima igeuzwe ncha kwa ncha mara kwa mara, ili sehemu moja isisuguliwe siku zote. Mahali chuma kinapogusa kitambaa, zungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Tanga lianikwe likauke, kisha liwekwe kivulini mbali na panya. Penye mshono uliofumuka, uzi wa nyavu unashona vizuri.

Kabla ya kupakia

Pandisheni tanga na kulishusha mara tatu mtumbwi ukiwa bado pwani. Likikwama hapo, litakwama na kule. Kisha tanga likae juu ya mzigo, si chini yake, na kila mtu avae jile yake.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tunaongoja mzigo. Nahodha akisema "leo siendi, kamba hii si nzuri," mara nyingi tunamwita mwoga, kwa sababu mnunuzi anasubiri Kalundu. Hivyo tunamfundisha kunyamaza safari nyingine. Koperative iandike kwenye daftari lake: nahodha anayekataa kuondoka kwa sababu ya kifaa kibovu halipi faini wala hapotezi zamu yake. Muhogo unaweza kungoja kesho.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano

1. Kwenye mtumbwi wetu, nani alikagua gofia mara ya mwisho, na ilikuwa lini?
2. Demani yetu inashikwa mkononi au inafungwa?
3. Nani atatunza kisanduku cha pini, waya, uzi na kamba ya akiba, na pesa zake zitatoka wapi?