Reale ya Maria Theresa katika Kikombe cha Maji

Mwaka 1780 ulioandikwa kwenye reale ya Maria Theresa hauelezi umri wake. Mtawala huyo wa Austria alifariki Novemba 1780, lakini sarafu zenye sura yake na mwaka huohuo ziliendelea kupigwa chapa, baadaye hata London na Bombay, maana wafanyabiashara wa Ethiopia, Uarabuni na Zanzibar walikwisha kuiamini. Basi kujua kama ni halisi, tuiache tarehe, tuanze na metali.

Reale mpya ina gramu 28.07. Sehemu tano kati ya sita ni fedha. Inayobaki ni shaba nyekundu. Mghushi anaweza kuufikia uzito huo kwa metali yoyote. Kinachomshinda ni kuufikia bila kubadili ukubwa wa sarafu, kwa sababu kila metali ina densiti yake.

Ukubwa huo tuupimeje? Weka kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, kisha irudishe kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba, izame yote bila kugusa kikombe. Mizani itasoma karibu 2.75. Kwa nini isome chochote, nawe ndiye uliyeishika sarafu? Maji yanaisukuma sarafu juu. Sarafu nayo inayasukuma maji chini kwa nguvu ileile, sawa na uzito wa maji yaliyoipisha. Na kwa kuwa gramu moja ya maji hujaza sentimita moja ya ujazo, umekwisha kuupata ujazo wa sarafu. Gawanya 28.07 kwa 2.75: densiti ni 10.2. Ya shaba ya njano yenye uzito huohuo ingesoma kama 3.3. Pangusa mapovu kwanza, kwani kila povu huongeza ujazo wa uongo.

Uzuri wa kipimo hiki, kwangu mimi, uko kwenye sarafu kuukuu. Iliyosuguliwa mikononi kwa miaka mingi huenda ikabaki na gramu 27.5, lakini ujazo nao umepungua kwa uwiano uleule, hivyo jibu halibadiliki. Uzito unakuonyesha uchakavu. Densiti inakuonyesha metali.

Tahadhari moja: risasi ikichanganywa na bati kwa hesabu inaweza kufika 10.2. Kwa hiyo kipimo kinaweza kuikataa sarafu, lakini peke yake hakiwezi kuithibitisha. Kagua ukingo pia: maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yanapaswa kuinuka, yakiwa na kona kali. Ya kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na herufi butu.

Ikiwa nyeusi, usiisugue. Weusi huo ni fedha yake yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani, na kuung'oa ni kuing'oa sarafu. Mkusanyaji akiona mikwaruzo ya kung'arisha atapunguza bei, pengine mpaka thamani ya gramu 23.4 za fedha iliyomo.