Breki Iliyokazwa: Kipokezi FGFR3 na Ufupi wa Mifupa

Mtoto anapozaliwa na mikono na miguu mifupi, kichwa kikubwa na paji la uso lililojitokeza, ilhali wazazi wote wawili wana kimo cha kawaida, lawama mara nyingi humwangukia mama: alikula nini, alivunja mwiko gani? Jibu limo katika herufi moja ya jeni FGFR3, iliyoko kwenye kromosomu ya 4, nayo karibu kila mara imebadilika katika mbegu ya baba.

Vichocheo vya ukuaji vya fibroblasti, kwa kifupi FGF, ni jamii ya protini 22 katika mwili wa binadamu. Husaidia kuunda viungo vya kiinitete, kuponya majeraha na kudhibiti fosfeti ya damu. Kichocheo hunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya utando wa seli. Vipokezi viwili huungana, na ishara hupokezanwa ndani ya seli hadi kwenye kiini. Hata hivyo, jina lake linahadaa. Katika gegedu la ukuaji, karibu na ncha za mifupa mirefu, kipokezi FGFR3 hakiharakishi ukuaji bali huupunguza. Ni breki.

Watafiti walibaini mwaka 1994 kwamba katika akondroplasia breki hiyo hubaki imekazwa: asidi amino ya 380 ya kipokezi, glisini, imebadilishwa na arjinini. Takribani 80% ya watoto wenye hali hii huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa baba unavyosonga. Chakula cha mjamzito hakihusiki.

Akili ya mtoto kwa kawaida haina kasoro. Kinachopaswa kuhofiwa utotoni ni tundu la chini ya fuvu, ambamo kamba kuu ya neva hushuka kuelekea mgongoni. Likiwa finyu, mtoto anaweza kukatika pumzi usingizini. Kwa hiyo shingo na kichwa vishikiliwe vyema, asiketishwe kabla hajaweza kukaa mwenyewe, na mkoromo mzito au pumzi inayokatika vipelekwe kwa daktari bila kungoja.

Dawa ya vosoritidi, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2021, huchomwa chini ya ngozi kila siku. Haikigusi kipokezi chenyewe, bali hukatiza ishara yake ndani ya seli. Katika jaribio la mwaka mmoja, iliongeza kasi ya ukuaji kwa takribani sentimita 1.6 kwa mwaka. Gegedu la ukuaji likishafunga, haina kazi tena.

Katika kibofu cha mkojo, kipokezi hichohicho kikibadilika huchochea seli za saratani. Huko hutumika erdafitinibu, inayovizuia vipokezi vya FGF moja kwa moja. Lakini FGF23, inayoziamuru figo kutoa fosfeti, hutegemea vipokezi vya jamii hiyo; ndiyo maana mgonjwa anayetumia dawa hii hupimwa fosfeti ya damu mara kwa mara.